Mkanda wa Melkiori

Mkanda wa Melkiori ulijibu salamu wakati Melkiori mwenyewe alikwisha kuzikwa tangu jana.

Ulikuwa umewekwa juu ya kabati la vyombo, kando ya picha yake, na hakuna aliyekuwa akiufikiria. Wanawake walijaa sebuleni, wamenyoosha miguu kwenye jamvi, wengine wakimenya vitunguu vya chakula cha mchana. Akatokea mama mmoja wa kanisani aliyechelewa mazishi. Akavua viatu mlangoni na kuuliza kama ambavyo mtu yeyote angeuliza, hamjambo humu ndani? Kabla mtu hajafungua kinywa, sauti ya mtoto wa miaka saba ikatoka kabatini, changamfu, haina hata kigugumizi.

"Hatujambo, karibu. Shikamoo."

Visu vikasimama. Mama wa kanisani akashika fremu ya mlango. Bibi yake Melkiori akaanza kulia upya, lakini kilio hiki kilikuwa na shukrani ndani yake. Alisema mjukuu wake bado yumo nyumbani, hajawaacha kabisa. Wenzake wakaitikia, wakafuta machozi, mmoja akasogeza picha na mkanda vikae karibu zaidi.

Yustina hakulia. Alikaa pale pale pembeni, kitunguu mkononi, akilitazama kabati.

Yeye alikuwa mwalimu wa watoto wenye shida ya kusema katika shule ya mji ule, mji mdogo uliozungukwa na alizeti na minara ya umeme wa upepo. Alikuwa na stashahada ya elimu maalumu, mwili mkavu, na ulimi ambao wazazi waliuogopa lakini waliufuata. Ndiye aliyemvalisha Melkiori mkanda ule siku ya kwanza. Alijua unavyofanya kazi, na kwa hiyo alijua kwamba kilichotokea hakikupaswa kutokea.

Mkanda uliitwa Kauli. Ulivaliwa shingoni na kusikiliza misuli ya koo, ile mitikisiko midogo inayotangulia neno hata kwa mtoto ambaye neno halimtoki. Mtoto akianza, Kauli inamalizia. Asipofika mbali, Kauli inakisia: inaangalia ni saa ngapi, nani yuko mbele yake, uso wa huyo mtu ukoje, nyumbani kwao watu husemaje wakati kama huo. Sehemu ya mtoto na sehemu ya makisio zilichanganywa zikatoka kama sauti moja nzuri. Ndivyo walivyoelezwa kwenye mafunzo. Lakini ili pawe na sehemu ya mtoto lazima pawe na koo. Juu ya kabati la vyombo hapakuwa na koo la mtu.

Sauti ilikuwa ile ile ya wiki iliyopita. Hicho ndicho kilichomtisha. Haikupungua kitu.

Penina, mama yake Melkiori, alikuwa ameegemea ukuta, macho makavu. Tangu asubuhi alikuwa akiwasimulia wageni jambo lile lile. Kila alfajiri alimuuliza mwanawe ameamkaje, na kila alfajiri mtoto alijibu hajambo, anashukuru. Alipoacha kula, alimuuliza, akajibu ameshiba. Alipojikunja kitandani, magoti kifuani, Penina alidhani amenuna kwa sababu ya kunyimwa baiskeli. Kumbe kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Asubuhi ya mwisho, mwili ukiwa moto kama jiko, alimwambia mama yake, usijali mama, nakupenda. Maneno hayo Penina aliyarudia mara kwa mara, kama mtu anayerudi kuhakikisha mlango amefunga.

Sasa akamgeukia Yustina.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyemfundisha. Alikuwa ananijibu vizuri tu. Kwa nini mwanangu alinificha?"

Kwa kawaida Yustina hakuhitaji muda wa kujibu swali. Safari hii jibu lilimfika kinywani akalimeza.

"Nitakujibu, Mama Melkiori," alisema. "Nipe mpaka kesho."

*

Nje, wanaume walikuwa wameketi kwenye viti vya kukodi chini ya turubai. Bwana Msengi alimsubiri karibu na gari la idara, lile lisilo na dereva, akijifanya anatafuta kitu kwenye kiti cha nyuma. Ndiye aliyesimamia elimu maalumu ya wilaya nzima. Walisoma chuo kimoja, wakala kwenye bwalo moja, na kwa hiyo walizoea kuambiana mambo bila kuzunguka.

Yustina alimweleza alichokisikia. Msengi hakushangaa, na hilo lilimwambia Yustina kwamba mwenzake alikuwa anajua.

Yustina aliukumbuka mkutano mmoja wa wazazi. Kauli ilipokuja mara ya kwanza ilikuwa ikimngoja mtoto. Mtoto akisalimiwa, kimya kilipita, kirefu, mpaka koo lianze. Mabibi hawakukubali. Bibi mmoja alisimama akauliza, mnamvalisha mtoto mashine ya bei yote hiyo halafu ananikodolea macho kama mbuzi? Ukumbi ulicheka. Yustina naye alicheka. Mafundi waliandika, wakaenda, na baada ya muda mfupi Kauli za mji mzima zikawa zinajibu salamu bila kumngoja mtu. Wazazi walifurahi. Watoto wao walikuwa na adabu.

Ila mafundi waliambiwa salamu, wakapewa kazi ya kutenga salamu na maswali mengine. Na huku kwetu salamu ni nini, kama si kumuuliza mtu hali yake? Umeamkaje, waendeleaje, u mzima, unajisikiaje. Jirani huuliza hivyo akipita kwenye kibaraza. Mama naye huuliza hivyo hivyo akiwa ameweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto. Na jibu, hata kwa mtu anayekufa, huanza na kusema ni mzima. Kauli ilijifunza kwa watu, ikajifunza vizuri.

"Mashine haikuharibika," Yustina alisema. "Ilimjibia. Ameumwa siku zote zile hana pa kusemea."

"Punguza sauti, mwalimu."

"Nimeipunguza."

Msengi alifunga mlango wa gari. Alisema mafundi wangerekebisha, kimyakimya, wangepewa muda. Yeye alichotaka ni mama aambiwe kwamba watoto huficha maumivu, jambo ambalo hata si uongo, kila mzazi analijua. Yakisemwa mengine, serikali ingezima mikanda yote ya wilaya kesho yake. Na sheria ilikuwa wazi: mtoto asiye na sauti hapokelewi darasani. Madarasa ya watoto wa kimya yalifungwa siku nyingi. Lile la Yustina mwenyewe lilikuwa stoo ya viti vibovu.

"Umemsahau Zulfa?" Msengi aliuliza.

Yustina hakuwa amemsahau. Zulfa alikuwa binti ambaye mwili wake haukumtii hata kidole, lakini akili yake ilikuwa nzima kama ya hakimu. Kwake Kauli haikukisia karibu chochote. Koo lake lilianza na kumaliza. Kwa mkanda ule alimtaja mjomba aliyekuwa akimpiga wazazi wakiwa shamba.

"Ukisema, Zulfa ananyamazishwa pamoja na wengine," Msengi alisema. "Na binti yako Tumsifu. Halafu fikiria yule mama mle ndani. Mtoto wake amemwachia sentensi moja. Moja tu, dada Yustina. Haya, ingia ukamnyang'anye."

Yustina aliondoka kwa miguu.

*

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

Tumsifu alikuwa amekaa mezani jikoni, miaka tisa, miguu haifiki sakafuni. Midomo yake haikutikisika. Sauti ilitoka kwenye mkanda wa zambarau aliouchagua mwenyewe dukani, au ambao Kauli ilisema ameuchagua. Yustina alisimama mlangoni na wazo hilo. Hakuwahi kuliwaza.

Alimlea peke yake. Mtoto alipofika miaka minne bila neno, Yustina alifanya nyumbani kile alichofanya darasani. Kadi za picha zilizobandikwa mlangoni mwa friji: maji, uji, choo, nje. Nyimbo za kukatishwa katikati ili mtoto amalizie. Ishara chache za mkono. Kiganja kifuani, nataka. Kiganja wazi, bado. Ngumi shavuni, inauma. Na juu ya yote, kusubiri. Aliwafundisha wazazi jambo hilo mpaka wakamchoka: ukimuuliza mtoto, funga mdomo wako, hesabu moyoni, mtazame, usimsaidie. Ukimjibia umemziba. Wazazi waliweza kadi, waliweza nyimbo. Kusubiri hakuna aliyekuweza, maana kimya cha mtoto wako kinauma kuliko jino. Ngumi ile shavuni Tumsifu aliipata kwa kazi ya mwaka mzima, na siku aliyoitumia bila kufundishwa, Yustina alikwenda kulia bafuni.

Kisha Kauli ikaja, na kusubiri kukaisha. Kadi ziliwekwa kwenye boksi. Jioni ya kwanza mkanda ulimwambia, lala salama mama, na yeye, mwalimu mwenye stashahada, hakuuliza nani amesema.

Sasa aliketi mbele ya binti yake. Upande wa ndani wa kila mkanda kulikuwa na taa ndogo: buluu mtoto anaposema, nyeupe Kauli inapokisia. Wazazi waliilalamikia, inawakatisha tamaa, ikabandikwa stika. Yustina aliibandua stika kwa ukucha na kuugeuza mkanda kidogo ili aione.

Sahani ilikuwa mezani. Ugali ulikuwa umemegwa upande mmoja, nyama haijaguswa.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba mama. Asante kwa chakula."

Nyeupe.

Aliuliza kuhusu shule. Nyeupe. Aliuliza rafiki yake ni nani, mkanda ukamtajia jina na hadithi nzuri ya mchezo wa kamba. Nyeupe mwanzo mpaka mwisho. Aliuliza kitu ambacho hakukusudia kukiuliza, anampenda mama yake? Jibu lilikuja tamu na haraka. Nyeupe.

Alinyamaza. Akaangalia meza tu. Ndipo kwenye ukimya huo koo la Tumsifu likatikisika, kidogo sana, na taa ikageuka buluu. Kuna kitu mtoto alikuwa anakianza. Lakini uso wa mama yake ulikuwa umelowa machozi, na Kauli iliusoma uso huo, ikaona imeelewa. Nyeupe ikaifunika buluu.

"Usijali mama," sauti ilisema. "Nakupenda."

Yustina aliyatambua maneno. Aliyasikia tangu asubuhi, sebuleni kwa Penina, yakirudiwa na kurudiwa. Yale yale, kwa mpangilio ule ule. Ndiyo ambayo Kauli ilikuwa ikiwapa wanawake wote waliolia mbele ya watoto wao.

Aliufungua mkanda akauweka mezani, akaukatia umeme.

Tumsifu hakupiga kelele. Alifungua kinywa, akakiacha wazi, akimtazama mama yake, akingoja sauti itoke. Haikutoka. Akaigusa shingo yake palipokuwa na mkanda, akafungua kinywa tena. Yustina alichukua boksi la kadi, akazipanga mezani moja moja, maji, uji, choo, nje. Akafunga mdomo, akahesabu moyoni. Mtoto aliziangalia kadi kama vitu vya nyumba ya watu wengine.

Alisubiri mpaka chai ikaota utando. Mkono wa Tumsifu haukuinuka.

*

Asubuhi walikwenda msibani wote wawili, mtoto akiwa shingo tupu. Njia ilikuwa fupi lakini watu walikuwa wengi. Hujambo Tumsifu? Umeamkaje binti? Mtoto alipita akitazama mbele. Mzee mmoja fundi baiskeli, ambaye jana tu mkanda ulimwamkia kwa adabu zote, aliuliza kama siku hizi binti wa mwalimu ameota kiburi. Yustina alitaka sana kumjibia. Neno dogo tu lingetosha, shikamoo babu, na njia ingekuwa rahisi. Aliuma midomo, akasimama, akamsubiri mtoto mpaka mzee mwenyewe akaona aibu na kurudi kwenye tairi lake.

Gari la idara lilikuwepo. Msengi alimwona Tumsifu, akaitazama ile shingo, akaelewa. Hakusogea kumzuia. Alisema tu, kwa sauti ya chini Yustina alipompita, kwamba leo jioni Zulfa angeulizwa na mama yake kwa nini hasemi.

"Najua," Yustina alisema. Na alijua. Lingekaa naye.

Sebuleni aliketi chini mbele ya Penina, Tumsifu ubavuni. Hakutafuta maneno laini, kwa sababu hakuwa nayo na kwa sababu yangemrefushia mwenzake maumivu.

"Uliniuliza kwa nini alikuficha. Hakukuficha. Siyo yeye aliyekuwa anakujibu. Ni mkanda. Umezoeshwa kujibu salamu wenyewe, na ukimuuliza mtoto hali yake, mkanda unadhani unasalimiwa. Hata alipojikunja, alikuwa anakuambia kwa mwili, mkanda ukamfunika. Hukufanya kosa wewe. Wala yeye."

Bibi alisema kitu kuhusu walimu wanaokuja kuvuruga misiba ya watu. Penina aliinua mkono kumnyamazisha.

"Na lile la mwisho?"

Hapa ndipo Msengi alipomwambia asifike. Yustina aliliona lile neno likiwa limekaa mahali pake ndani ya mwanamke yule, likishikilia kila kitu. Angeweza kusema hilo hajui. Kweli hakuwa na hakika nalo, hakuna aliyeona taa asubuhi ile. Labda palikuwa na buluu chini yake.

"Jana nililia mbele ya binti yangu," alisema. "Mkanda wake ukaniambia hayo hayo. Neno kwa neno. Mwenyewe alikuwa anataka kusema jingine, sijui nini."

Penina akanyanyuka. Akaenda kabatini, akauchukua mkanda na kurudi nao mapajani. Aliuinamia.

"Melkiori. Hujambo, baba?"

"Sijambo mama, nashukuru."

Aliuliza tena. Ukajibu tena, kwa furaha ile ile. Bibi akaziba masikio. Penina akauvuta upindo wa khanga yake, akaukunja mkanda ndani, mkunjo juu ya mkunjo, akaukaza kwa mikono miwili.

"Ungeniachia," alimwambia Yustina. Hakukuwa na hasira ndani yake. "Ungeniachia tu lile moja."

Wanawake waliangalia jamvi. Mtu angetarajia Yustina aondoke, na yeye mwenyewe alianza kukusanya miguu. Lakini Penina alikuwa anamtazama Tumsifu, ile shingo tupu, yule mtoto mzima anayepumua, na macho yake hayakuwa mazuri kuyatazama.

"Na wewe?" akauliza. "Hujambo?"

Hakuna aliyejibu. Mmoja wa wanawake akajikohoza, mwingine akaanza kumsemea mtoto, Penina akamkata kwa jicho. Alisubiri. Hakuwahi kuweza hapo awali. Yustina alimkumbuka darasani, akimjibia Melkiori kila swali kabla swali halijaisha. Sasa alisubiri kama mtu asiye na pa kwenda.

Koo la Tumsifu likatikisika. Kinywa kikafunguka, kikafungwa. Kisha mkono wake wa kulia ukanyanyuka polepole, ukasita hewani kana kwamba umesahau njia, vidole vikajikunja. Akaiweka ngumi shavuni.

"Anasema nini?" Penina aliuliza.

Yustina alikwisha kupiga magoti. Aliushika uso wa binti yake, akamfungua kinywa. Harufu ilimfikia kwanza. Jino la nyuma kabisa lilikuwa jeusi, limetoboka, na ufizi uliolizunguka ulikuwa umevimba na kutunga usaha. Siyo jambo la jana. Siyo la wiki. Aliona sahani zote zile zilizomegwa upande mmoja, akasikia asante kwa chakula, asante kwa chakula.

"Anasema inauma."

"Tangu lini?"

Yustina alifungua kinywa, akakiacha wazi. Penina alimsogelea mtoto, akaweka kiganja chake juu ya ile ngumi, taratibu, asiiondoe pale ilipo.

Mlangoni akatokea jirani na ndoo ya maji. Akaitua, akafuta jasho, akauliza hamjambo humu ndani? Kwenye mikunjo ya khanga sauti ikaanza. Penina akaukaza mkanda kwa mkono mmoja mpaka sauti ikafa.

"Tunaumwa," alisema. "Ingia."